Miaka 57, uso umelegea: nianze na kope, niinue uso mzima, au sindano zinatosha?

Mama Zuhura

Habari zenu ndugu zangu. Naomba mawazo yenu kwa jambo nililolifikiria muda mrefu na sasa nataka kulifanyia uamuzi.

Nina miaka 57, ni mwalimu. Afya yangu ni nzuri isipokuwa presha, ambayo naitumia dawa na imetulia. Sivuti sigara. Uso wangu umebadilika haraka tangu hedhi ilipokoma. Ngozi ya kope za juu imeshuka mpaka inalalia nywele za kope, na jioni nikisahihisha madaftari najikuta nimeinua nyusi muda wote ili nione vizuri. Nikimaliza, paji la uso linauma. Mashavu yameteremka yakafanya kifuko kila upande wa kidevu, na ule mstari wa taya niliokuwa nao hauonekani tena. Shingoni kuna kamba mbili zinazosimama nikiongea. Katikati ya nyusi kuna mistari miwili ya wima. Wanafunzi wananiuliza, "Mwalimu, tumekukosea nini?" siku ambayo moyoni nina furaha tele. Hilo linaniumiza kuliko makunyanzi yenyewe.

Nimeshaonana na wataalamu kadhaa. Mmoja alinishauri sindano za kujaza mashavu, akasema zitainua kila kitu. Mwingine akaniambia niwekewe nyuzi za kuvuta ngozi, naingia asubuhi na mchana niko nyumbani. Wa mwisho, daktari wa upasuaji, akasema yote hayo hayatanifikisha ninapotaka, akapendekeza kuinua uso na shingo pamoja na kupunguza ngozi ya kope. Kila mmoja alizungumza kwa uhakika kabisa, nami nimebaki katikati.

Sihitaji kuonekana msichana. Nataka uso wangu useme ninachokihisi. Aliyefanya, au anayeijua kazi hii kwa karibu, naomba anieleze bila kunificha.

Rehema

Pole na mawazo dada yangu. Mimi nitasema tofauti kidogo. Presha ni presha, na huo ni upasuaji ambao mwili hauuhitaji ili uishi. Kama kinachokusumbua zaidi ni wanafunzi kudhani umekasirika, anza na kilicho kidogo. Usikubali kulala mezani saa nyingi kwa tatizo linaloweza kumalizwa na sindano moja. Nasema haya kwa mapenzi, si kukuhukumu.

Muuguzi wa Thieta

Shikamoo mama. Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji, na sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimesimama pembeni ya madaktari wa upasuaji rekebishi. Uso wako sijauona, kwa hiyo uamuzi sitakupa. Ninachoweza ni kukueleza kwa nini wataalamu wako walitofautiana, maana kila mmoja alikuwa akiangalia tabaka lake.

Uso unapozeeka kuna kinachojikunja, kuna kilichopungua, kuna kilicholegea, na kuna ngozi ya juu iliyochakaa. Kila kimoja kina tiba yake, na tiba ya kimoja haimponyi mwenzake. Ukilishika hili, matangazo mengi hayatakubabaisha.

Kinachojikunja ni misuli. Mistari yako ya katikati ya nyusi iko hapa, na hapa ndipo Botox inapofanya kazi vizuri kuliko kitu kingine chochote. Ni sumu ya bakteria iliyopunguzwa hadi kipimo kidogo sana, inalegeza msuli uliochomwa. Jean na Alastair Carruthers, mke na mume huko Kanada, yeye daktari wa macho na mumewe wa ngozi, ndio walioandika mwaka 1992 kuhusu kuitumia kwa mistari hiyo hiyo. Marekani ikaiidhinisha kwa urembo mwaka 2002. Baada ya siku chache unaanza kuona mabadiliko, nguvu yake inafika kileleni karibu wiki ya pili, kisha baada ya miezi 3 au 4 msuli unarudi kazini. Hapo dada Rehema amesema kweli: kwa ule uso wa hasira, sindano hii inaweza kukutosha.

Lakini kuna jambo kwenye maelezo yako limenishtua. Umesema unainua nyusi ili uone. Maana yake msuli wa paji ndio unaokubebea kope zako. Akitokea mtu akakuchoma paji lote ili aondoe mistari ya mlalo, msuli huo utalegea, nyusi zitashuka, na macho yatazibwa zaidi ya sasa kwa miezi kadhaa. Mwambie yeyote atakayeshika sindano kwamba unasoma kwa kuinua nyusi. Liseme hata kama hajakuuliza.

Kilichopungua ni mafuta, na hata mfupa. Mifupa ya uso hupungua umri unavyosonga, hasa kuzunguka macho na taya, na mafuta ya mashavuni hupungua na kuhama. Hapo ndipo zinapofaa fila, yaani zile sindano za kujaza. Nyingi za siku hizi ni za asidi ya hayaluroniki, kitu ambacho hata mwili wenyewe unacho, zinakaa kati ya miezi 6 na 18 kutegemea aina na mahali. Faida yake kubwa ni kwamba kuna kimeng'enya, hayaluronidezi, kinachoweza kuziyeyusha mambo yakienda vibaya. Na yanaweza kwenda vibaya: fila ikiingia kwenye mshipa wa damu inaziba njia, ngozi inakufa, na kwa nadra mtu anapoteza uwezo wa kuona. Puani na katikati ya nyusi ndiko kwenye hatari kubwa zaidi. Kwa hiyo kabla hujakubali, uliza kama hayaluronidezi ipo hapo hapo kwenye chumba. Na kaa mbali na silikoni ya maji au kitu chochote cha kudungwa kinachosifiwa kwamba ni cha kudumu. Nimesaidia kwenye operesheni za kuondoa vinundu vilivyozuka miaka mingi baada ya sindano. Vinakuwa vimeshikamana na nyama, huwezi kuvitoa vyote bila kuacha makovu.

Sasa kilicholegea, ambacho naona ndicho kikubwa kwako. Chini ya ngozi na mafuta kuna tabaka gumu lililoungana na misuli ya uso na kushuka mpaka kwenye msuli mpana wa shingo. Madaktari wawili wa Ufaransa, Mitz na Peyronie, walilieleza mwaka 1976, na kazi ya kuinua uso ikabadilika. Zamani ngozi ilivutwa peke yake, nayo ngozi ikivutwa hutanuka tena, na mtu hubaki na sura kama anakabiliana na upepo mkali. Siku hizi mzigo hubebwa na lile tabaka la ndani. Ngozi hulazwa juu yake bila kukazwa, inayozidi inakatwa. Kifuko cha pembeni mwa kidevu na kamba za shingo vinatibiwa hapa. Ukijaza fila juu ya shavu lililoshuka ili liinuke, itabidi ujaze nyingi, na uso unakuwa mpana, mzito. Nyuzi nazo zinainua kidogo, lakini zile zinazotumika zaidi huyeyuka ndani ya miezi, na shavu zito linarudi lilikokuwa. Mwenye miaka 40 na ulegevu mdogo anaweza kuzifurahia. Kwa unavyojieleza, sidhani.

Kuhusu kope, kabla hujakatwa ngozi omba kipimo kimoja rahisi. Kaa mbele ya kioo, legeza paji kabisa, daktari anyanyue nyusi kwa kidole mpaka mahali pake. Kama uzito wa kope unaondoka karibu wote, tatizo lako ni nyusi zilizoshuka, na kukata ngozi ya kope peke yake kunaweza kuziacha nyusi zishuke zaidi. Kama ngozi bado inaning'inia, basi ni ngozi. Na kuna la tatu: msuli unaofungua jicho kulegea, ambapo ukingo wenyewe wa kope unakaa chini. Hiyo ni operesheni nyingine kabisa. Mambo haya matatu yanafanana kwa mtu asiyezoea. Umwambie pia kama macho yako hukauka au huwasha, maana kope zikipunguzwa ukavu unaweza kuongezeka.

Tabaka la mwisho, ngozi ya juu, nitalipita haraka: mistari midogo ya mdomo, madoa na ngozi kukwaruza haviondolewi na kuinua uso. Hiyo ni kazi ya krimu za tretinoini (dawa ya jamii ya vitamini A), kemikali za kuambua ngozi, leza, na krimu ya kinga ya jua yenye kipimo cha SPF 30 au zaidi kila siku. Bila kinga ya jua unalipa fundi ajenge huku paa linavuja.

Bi Salma

Mama Zuhura, mimi nilifanyiwa. Uso na shingo, nikiwa na miaka 61, nami nina presha kama wewe. Nikueleze kile ambacho hakimo kwenye picha za kabla na baada.

Wiki chache kabla, daktari alipitia kila ninachomeza. Aspirini ilisimamishwa, lakini alimpigia kwanza daktari wangu wa moyo, hakuniachia niamue mwenyewe. Vidonge vya vitamini E na vya kitunguu saumu navyo alivisimamisha, sikuwa najua kwamba vinachangia damu kuvuja. Dawa ya presha alisisitiza niimeze hata asubuhi ya operesheni, kwa funda dogo la maji.

Operesheni yenyewe siikumbuki, nililazwa usingizi. Ninachokikumbuka ni usiku wa kwanza. Shavu la kushoto lilianza kukaza na kuuma kuliko la kulia, nikahisi ngozi inajaa kama itapasuka. Nilimwita muuguzi, naye hakusubiri hata dakika. Damu ilikuwa imevilia chini ya ngozi. Wakanirudisha thieta, wakaitoa, wakafunga tena. Asubuhi daktari alinieleza kwamba hilo ndilo tatizo linalotokea zaidi kwenye kuinua uso, kwamba kwa kawaida huja ndani ya saa 24 za mwanzo, na kwamba presha ikipanda ndiyo huchochea. Damu ikiachwa inaweza kuua ngozi iliyo juu yake. Ndiyo maana nakwambia: mahali wanapotaka kukupeleka nyumbani saa chache baadaye, na nyumbani hakuna mtu wa kukukesha wala namba ya daktari anayepokea usiku, hapo pasikuvutie kwa lolote.

Wiki ya kwanza nililala chali, kichwa kimeinuliwa, siinami kuokota kitu. Michubuko ilishuka kutoka mashavuni hadi kifuani, ikabadilika rangi. Dada yangu alihamia kwangu. Wiki ya pili nililia sana bila sababu ninayoweza kuitaja. Uso ulikuwa umevimba, upande mmoja kuliko mwingine, nikahisi nimeipoteza sura yangu. Nilipomwambia daktari alinisikiliza, akasema wengi hupitia huzuni hiyo na hupungua uvimbe ukipungua. Ndivyo ilivyokuwa. Laiti ningeambiwa mapema nisingeogopa vile.

Masikio yalikufa ganzi miezi mingi. Nilikuwa navaa hereni kwa kutazama kioo, kwa vidole sikuzihisi. Upande mmoja wa ndewe hadi leo hisia haijarudi yote.

Na matokeo? Taya yangu nimeiona tena. Shingo ni safi. Mistari ya kutoka puani hadi pembe za mdomo imepungua, haikufutika. Mikunjo midogo juu ya mdomo iko vile vile, kama alivyosema Muuguzi. Watu wanaoniona kazini wanasema nimenenepa vizuri au nimepumzika, hakuna aliyesema nimefanana na mtu mwingine. Ningefanya tena? Ndiyo, kwa daktari yule yule na kwa wodi ile ile yenye wauguzi wa usiku.

Mama Zuhura

Nimesoma yote mara mbili. Rehema, asante kwa kunijali. Bi Salma, Mungu akulipe kwa ukweli huo wa usiku wa kwanza, hakuna aliyewahi kunitajia.

Muuguzi mwanangu, jana nimefanya kile kipimo cha kioo peke yangu. Nikinyanyua nyusi kwa vidole, kope inafunguka lakini si yote, ngozi fulani inabaki. Halafu kuna jambo linalonitia hofu: nina keloidi, kovu lililovimba na kukua kupita jeraha lenyewe, kwenye ndewe ya sikio la kulia tangu lilipotobolewa. Ngozi yangu ni nyeusi. Je, mlango wa kuinua uso umefungwa kwangu? Na kuna mtu wa leza ambaye sikumtaja mwanzo, ameniambia ataisawazisha ngozi yote kwa siku moja, nimwamini?

Muuguzi wa Thieta

Mama, umefanya vizuri kuuliza, maana keloidi ya sikio inahusu upasuaji huu moja kwa moja. Kovu la kuinua uso hupita mbele ya sikio, chini ya ndewe na kugeuka nyuma yake, yaani eneo lile lile ambalo mwili wako umeshaonyesha tabia yake. Mlango haujafungwa lazima. Kuna watu wenye keloidi ya ndewe ambao kovu la uso lilipona kama uzi mwembamba, hasa pale ngozi isipokazwa. Lakini wapo ambao haikuwa hivyo. Daktari aiguse keloidi yako, aulize ilianza lini, kama bado inakua au kuwasha, kama kuna nyingine kifuani au mabegani, na kama ndugu zako wanazo. Kisha akwambie mapema mpango wake kovu likianza kuinuka: sindano za steroidi (dawa ya kunywesha kovu), vibandiko vya silikoni, na miadi ya karibu karibu miezi ya mwanzo. Akipuuza keloidi yako kwa kusema "hiyo ni ndogo tu", mwangalie kwa makini zaidi.

Kope ni habari nyingine, na hapa nina la kukupa moyo. Ngozi ya kope ni nyembamba kuliko zote mwilini na keloidi hapo ni nadra mno. Kupunguza ngozi ya kope za juu mara nyingi hufanyika kwa ganzi ya sehemu bila kukulaza usingizi, kovu linajificha kwenye mkunjo wa asili, na nyuzi za mshono hutolewa karibu siku ya 5 hadi ya 7. Dalili moja tu uikariri, wewe na atakayekuwa nawe: baada ya upasuaji wowote wa kope, jicho likiuma sana ghafla, likajitokeza nje au kuona kukafifia, ni hospitali dakika hiyo hiyo. Damu nyuma ya jicho haingoji asubuhi. Ni nadra, lakini muda ndio unaookoa jicho.

Kwa kuwa kope zinakusumbua hata kusoma, omba pia wakupime eneo la kuona, ngozi ikiwa imelala na ikiwa imenyanyuliwa. Hapo utajua ni kiasi gani cha tatizo ni cha macho na kiasi gani ni cha urembo.

Leza: huyo wa siku moja usimpe uso wako. Ngozi nyeusi ina kinga nzuri dhidi ya jua, ndiyo maana makunyanzi madogo hutuchelewa na ulegevu ndio hututangulia. Lakini rangi hiyo hiyo hufyonza mwanga wa leza nyingi, na ngozi ikijeruhiwa hujibu kwa kutoa madoa meusi yanayokaa miezi, au mabaka meupe ambayo ni magumu zaidi kuyarudisha. Leza kali za kuunguza tabaka la juu zina hatari hiyo zaidi. Anayeijua ngozi yetu huanza na eneo dogo la majaribio, husubiri wiki kadhaa aone, na hutumia nguvu ndogo kwa awamu. Na kama umewahi kupaka krimu za kung'arisha ngozi, hata zamani, mwambie daktari wa leza na wa upasuaji pia. Zile zenye steroidi huifanya ngozi kuwa nyembamba na kuchelewa kupona, na daktari anahitaji kujua anashona kitambaa gani.

Kwenye miadi yako ijayo, uliza daktari amesomea upasuaji rekebishi wapi na amesajiliwa na baraza gani, nani anakulaza usingizi, nani analala wodini usiku huo, na uone picha za wagonjwa wake wenye ngozi kama yako, zilizopigwa mwaka mmoja baadaye na masikio yakionekana. Picha za mbele peke yake hazionyeshi kovu.

Mama Zuhura

Asante mwanangu. Nimeamua naanza na kope, baada ya kupimwa macho, na sindano ya katikati ya nyusi pekee bila kugusa paji. Uso na shingo nitavisubirisha mpaka daktari aichunguze hii keloidi na kuniambia wazi nani atakuwepo usiku. Nimeshampigia kuomba miadi ya pili, na picha za pembeni nimeziulizia. Amesema anazo.